Jirani Tuliyemwandika Nasik

Jumatano hapa Ibra, Omani, ni siku ya soko la wanawake. Mwanamme haingii, hata awe nani. Mie nina pahala pangu pale, kwenye kivuli cha ukuta, ubavuni mwa bibi mmoja anayeuza wanja na nguo za watoto, na nikikosa Jumatano moja hujihisi kama sikuoga. Basi nilikuwa nimekaa pale nafikicha kitambaa kujua kama ni pamba kweli, simu ikalia ndani ya mkoba. Ilikuwa picha. Nikaiangalia, nikaivuta kwa vidole ikawa kubwa. Yule bibi wa wanja akanitazama usoni, akaniuliza, "Nani kafa?"

Nikamwambia hakufa mtu. Aliyekufa kafa zamani.

Picha yenyewe ilikuwa ukurasa wa kitabu cha kale, karatasi imekuwa rangi ya chai. Umejaa maandishi ya Kihindi, yale yanayoning'inia kwenye mstari kama nguo zilizoanikwa. Na katikati yake mistari miwili ya herufi za Kiarabu, imekwenda upande, alifu zake zimelala kama wagonjwa. Mwandiko ule niliujua kama mtu anavyoijua sauti yake. Ni wangu. Niliuandika nikiwa na miaka tisa, katika mji wa Nasik huko India, ukingoni mwa mto wa Godavari, mto ambao Wahindu wanauona mtakatifu na wanauendea kutoka kila upande wa dunia.

Aliyeituma ni mjukuu wangu, binti wa mtoto wa kaka yangu. Alikuwa Bombei na mama yake, aliyekwenda kupasuliwa mgongo, kama tunavyokwenda sote tukishindwa na madaktari wa huku. Mama alipopata nafuu, yeye akachukua gari akaenda Nasik kukitafuta kitabu nilichomsimulia tangu yumo mapajani mwangu. Chini ya picha kaandika: "Bibi! Hii kitabu ipo! Nimeiona na macho yangu!" Kiswahili cha watoto wa siku hizi kinachechemea, lakini moyo wake hauchechemei.

Laiti angenitumia mie peke yangu. Kaituma kwenye grupu la ukoo, lenye watu kutoka Ibra mpaka Nizwa mpaka Fanja. Na mistari ile miwili, kwa yeyote aliyesoma chuo cha Kurani, inasomeka. Inasema: huyu ni jirani yetu, na kabila lake ni kabila letu. Halafu limeandikwa jina la kabila, waziwazi. Silitaji hapa, si kwa kuogopa. Ibra nzima inalijua, na wewe huku uliko halikusaidii kitu.

Hata alasiri haijaadhiniwa, babake yule binti kanipigia kutoka Nizwa, kazini kwake.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba."

"Shangazi, picha imetoka kwenye grupu, watu wa Izki wameiona."

Hapo nikaelewa. Watu wa Izki walikuwa wameleta posa ya yule binti. Watu wazuri, wana jina, kijana mwenyewe ana kazi yake na adabu zake. Na nchi hii, mwenzangu, kabla hawajamtazama bibi harusi wanatazama asili. Sasa wameuliza: huyu mwanamke Mhindu aliyeandikwa chini ya kabila lenu ni nani? Mmechanganya damu lini?

"Watakuja Ijumaa," akaniambia. "Wanawake watakaa nawe. Nakuomba neno moja tu, Shangazi. Sema ulikuwa mtoto, ulikosea."

Nikamwambia, "Nilikuwa mtoto. Sikukosea."

Akakata simu kwa heshima, maana ni mtu wa heshima. Kila Ijumaa huja Ibra kuniletea dawa zangu, na sina ugomvi naye. Lakini yaliyosemwa kwenye grupu lile siku zile tatu yalikuwa mengi, na waliokuwepo tumebaki mtu mmoja, mie. Chuo nilihitimu, skuli nilikwenda miaka mitatu tu. Lakini jambo nililoliona kwa macho simwachii mtu aliyezaliwa juzi anieleze.

Nilikulia Unguja mjini, nyumba yetu na ya jirani zikigawana ukuta mmoja. Jirani alikuwa mwanamke wa Kibanyani, ndivyo tulivyowaita Wahindu, mjane asiye na mtoto. Sisi watoto tukimwita Ba, neno lao la mama. Mwembamba, sari nyeupe, bangili hana. Juu, kwenye madari ya nyumba zetu mbili, palikuwa na kidirisha kwenye ukuta, na hapo ndipo bibi yangu na yeye walipoishi, nasema waliishi, kwa miaka thelathini. Kila mmoja kakaa upande wake, huyu anachambua mchele, yule anachambua dengu, wanawasema watu.

Usidhani walikuwa wakila sahani moja. Ba hakula kitu kilichopikwa katika vyungu vyetu, maana vimeingia nyama. Hata maji yetu hakuyanywa. Bibi hakuudhika hata siku moja. Ikifika Idi akimpelekea vitu vizima: nazi haijavunjwa, sukari kwenye karatasi yake, tende za Omani ndani ya kikanda hakijafunguliwa. Na Ba naye akitupa matunda hayajakatwa. Mwezi wa Ramadhani Ba alikuwa akipika kabla ya alfajiri tu, mara moja kwa siku nzima, kisha anazima moto, ili harufu ya mvuje na samli isipite kidirishani kuwatesa waliofunga. Hakuambiwa na mtu. Nilikuja kulijua hilo siku nilipomuuliza mbona anakula chapati za baridi, akanijibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka kuliko changu, "Pua yako na yangu, ukuta ni mmoja."

Ba akaugua. Watu wa jamii yake walikuja, wakakaa, wakaondoka. Walikuwa na ugomvi naye wa zamani juu ya nyumba ya marehemu mumewe. Aliyebaki ni bibi yangu. Ndiye aliyemtia maji mdomoni, maji ya mtungi wa Ba mwenyewe, kwa kijiko cha Ba mwenyewe, ili asimvunjie mwiko wake wakati hana nguvu ya kukataa. Na hapo Ba akamwomba jambo. Akamwambia, majivu yangu usiyaache yakae. Yafikishe Nasik, kwenye mto. Mume wangu yuko huko.

Bibi akasema ndiyo. Kwetu sisi mtu akisema ndiyo kwa anayekufa, hiyo ni amana.

Wakamchoma kwa desturi yao, na mabaki yakatiwa katika chungu kidogo cha udongo, kikafungwa kitambaa chekundu, kikatundikwa mtini kule wanakochomea, kingoje msafiri. Vilikuwepo vyungu vilivyongoja mwaka, hata miaka miwili. Na mwaka huohuo bibi alikuwa asafiri Bombei kwa ajili ya macho. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, anaona kivuli tu, na mie ndiye niliyechaguliwa kwenda naye kumshika mkono. Akaenda kwa mzee wa jamii yao, akakidai chungu. Mzee yule alimtazama, akamtazama tena, kisha akampa kwa masharti. Kisiguse ardhi. Tangu hapa mpaka majini, kisiwekwe chini, wala kisiingizwe nyumba inamopikwa.

Ami yangu alisimama mlangoni kakasirika. "Nyumba ya Waislamu haibebi maiti ya Banyani!"

"Haiingii nyumbani," bibi akamwambia. "Itatundikwa nje. Wewe ukiogopa, pita mlango wa nyuma."

"Watu watasema nini?"

"Watasema nimerudisha amana. Na wasiposema, Mungu hakuwauliza wao."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza duniani. Bibi haoni, mikono yake inatetemeka. Chungu nilibeba mie. Kilifungwa ndani ya kanga, kanga ikapitishwa shingoni, chungu kikakaa tumboni kwangu kama mtoto. Kwenye meli tulikaa sitahani na mikeka yetu, na siku bahari imetulia tulikitundika kwenye msumari, ikichafuka nikikipakata. Tulisali kwa zamu. Bibi akisali mie nimeshika, nikisali mie kashika bibi. Nikila, mkono wa kulia tonge, wa kushoto chungu. Nikaota upele wa kanga shingoni.

Mwanamke mmoja kwenye mkeka wa pili akaniuliza, "Mmebeba achari humo?" Nikataka kumwambia ndiyo, iishe. Bibi hakuona lakini masikio yake yalikuwa ya paka. "Usiseme uwongo kwa ajili ya chungu," akanambia. "Sema ni jirani yetu." Basi nikasema, ni jirani yetu. Yule mwanamke akacheka, kisha akafahamu, kisha akakunja mkeka wake akahamia upande wa pili wa meli. Tukapata nafasi ya kunyoosha miguu mpaka Bombei.

Bombei palikuwa na nyumba ya wageni ya Waislamu, na mwenyeji wake alikitundika chungu kwenye mkwaju uani bila kuuliza maswali mengi. Daktari wa macho alikuwa tayari. Bibi akamwambia angoje. Jamaa waliotupokea wakamshika miguu: pasua macho kwanza, upumzike, kisha uende huko Nasik unaona. Akakataa. Akasema amana kwanza, macho baadaye; nikifa mezani kwa daktari, nani atakipeleka? Mtoto huyu?

Basi tukapanda treni. Ile treni ilikuwa ikitikisa, na kila ikitikisa nasikia ndani ya chungu mlio mdogo, kama kokwa za tende zinagongana. Najua sasa ilikuwa mifupa. Nilijua hata wakati ule. Sikuogopa, nikuambie kweli. Nilikuwa nimemzoea. Mlima ulipoanza na treni ikaingia mashimoni, gizani, nilimwambia Ba kimoyomoyo, bado kidogo.

Kutoka steshini tulipanda gari la farasi mpaka mtoni, na huko ndiko nilikokuwa macho ya bibi. Akanikamata bega. "Niambie unaona nini."

Nikamwambia naona ngazi za mawe, ndefu, zinateremka mpaka majini, nyeusi kwa kulowa. Mahekalu mengi, moja jeusi tupu kama limechongwa kwenye jiwe moja. Wanawake wanaoga na sari zao. Wanaume wanafua. Ng'ombe yumo katikati ya watu, hakuna anayemfukuza, anakula maua ya manjano. Mtu anauza vyungu vya shaba vidogovidogo. Maji hayakimbii sana, yamejengewa mawe kama birika kubwa. Na mto mkubwa? akauliza. Nikamwambia, si mkubwa, Bibi. Akasema, "Sikuuliza upana. Watu wangapi?" Nikamwambia siwezi kuwahesabu. Akasema, "Basi ni mkubwa."

Kengele zilikuwa hazinyamazi. Harufu ya samli inayoungua, na udi usiokuwa wetu, na maua yaliyooza. Vinyozi wamechutama kwenye ngazi wananyoa watu vichwa, maana kwao aliyefiwa na mzazi hunyolewa. Mmoja akatuona na chungu akaja mbio na wembe wake: yuko wapi mtoto wa kiume wa marehemu? Bibi alijua Kikachi, Kihindi cha Ba, miaka thelathini ya kidirishani. Akamjibu, "Mtoto ndiye huyu. Unataka kumnyoa?" Kinyozi akanitazama na misuko yangu ya nywele na kanga yangu shingoni, akacheka mpaka wenzake wakageuka.

Kuhani, wao wanamwita maharaji, hakucheka. Nasik kila nyumba ya maharaji ina watu wake. Tuliyepelekwa kwake alikuwa ndiye wa watu wa Kachi, hata waliokwenda Unguja. Mzee wa makamo, kifua wazi, uzi mweupe begani, kakaa kwenye jamvi, na vitabu virefu nyuma yake vimefungwa katika vitambaa vyekundu. Humo, tuliambiwa, wameandikwa wafu na baba zao na babu zao, kila aliyeletwa na kila aliyemleta. Alipotuona, mwanamke wa Kiislamu kajifunika na mtoto kabeba chungu, aliinua mkono. Si nyinyi. Lazima mtu wake. Nani wake?

"Hana," bibi akasema.

"Nyinyi nani kwake?"

"Majirani."

Akatikisa kichwa. Jirani hatoshi, akasema. Lazima niseme ukoo wake majini. Ukoo gani? Baba yake nani? Na bibi, aliyejua kila kitu cha Ba, chumvi anayotia na ndoto anazoota, hilo hakulijua. Hawakuwahi kuulizana hilo. Miaka thelathini, na halikuwa na kazi kidirishani.

Nilimwona bibi anatafuta. Kidevu chake kikainuka kama kilivyokuwa kikiinuka kwa ami. Akasema, "Basi andika wa kwangu."

Maharaji akadhani kasikia vibaya.

"Umesema lazima awe na ukoo. Kwetu mtu aliyekaa ukutani mwako miaka thelathini akafa mikononi mwako akiwa hana mtu, ni wako. Sisi Waarabu wa Ibra. Kabila letu hili." Akalitaja. "Andika. Na mjukuu wangu atamwaga."

Watu walikuwa wamekusanyika. Mzee mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa muda huohuo akasema jambo kwa maharaji, nadhani alimwambia, muda unapita, marehemu anangoja. Sijui. Najua maharaji alinitazama miguu yangu peku, na ule upele wangu shingoni. Akauliza, kimegusa ardhi? Nikamjibu kwa Kiswahili, hakikugusa hata mara moja. Bibi akamfasiria. Na hilo ndilo lililomteremsha kwenye jamvi lake.

Tukateremka ngazi. Maji yalinifika magotini, baridi. Maharaji akaanza kusoma kwa lugha yao ya ibada, haraka haraka, na katikati ya maneno yale nisiyoyajua nikalisikia kabila letu. Wallahi nimelisikia. Jina linalotajwa hapa Ibra kwenye harusi na matanga, lilitajwa pale juu ya maji ya Godavari. Nikashikwa na hofu. Nikageuka, nikamuuliza bibi, "Bibi, si nitakuwa kafiri?"

Akasema, "Sema bismillahi, mwaga."

Nikasema bismillahi, nikamwaga. Majivu yakaelea kidogo, mifupa ikazama. Wanasema maji ya pale huiyeyusha mifupa. Mie nimeiona ikizama tu, siongezi. Shingo yangu ikawa nyepesi, nikalia. Kwa Ba nililia siku ile, si siku aliyokufa.

Kisha maharaji akafungua kitabu, akaandika, akasema aliyeleta naye aandike kwa mkono wake. Bibi hakuona. Akanipa kalamu, akanitamkia, nikaandika. Hiyo ndiyo mistari miwili.

Bombei macho ya bibi yalipasuliwa, akaona. Nasik hakuiona. Tuliporudi Unguja, akiulizwa Nasik palikuwaje, akisema muulizeni huyu. Ami hakusema naye mpaka Idi.

Baada ya miaka michache yakaja mapinduzi, na hilo unalijua, sitaki kulieleza tena. Nyumba ikachukuliwa, kidirisha na madari yake. Bibi alifia huko. Sisi tulikuja Omani watu wazima, mizigo miwili mikononi, Kiarabu chetu kinachekesha watoto. Hapa Ibra tulipokwenda kujiandikisha tukaulizwa: nyinyi nani? Nani anawajua? Na hakuna aliyetujua. Babu zetu walikuwa wameondoka karne nzima nyuma. Mzee mmoja wa kabila, aliyekuwa hajatuona hata siku moja, alisimama na bakora yake mbele ya karani akasema, "Hawa ni wetu. Andika." Akatia dole gumba. Kwa dole lile nina pasi, watoto wangu wamesoma, na mtoto wa kaka yangu ana ofisi yake Nizwa.

Sasa, Ijumaa. Watu wa Izki walikuja baada ya sala, wanaume wakaingia sebuleni kwao, wanawake kwangu. Mama wa kijana, dada zake wawili, na shangazi yake mmoja mwenye ulimi. Tukala tende, tukanywa kahawa, tukaulizana hali za watu wote mpaka wakaisha. Mjukuu wangu kakaa pembeni, kesharudi kutoka Bombei, mikono imetulia mapajani lakini kidole gumba kinasugua kidole. Alimtaka yule kijana. Sitakuficha.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa kasimama ukumbini nje ya mlango, nakiona kivuli chake. Mama wa kijana akasema kwa upole, mama, tumesikia ulikuwa mtoto mdogo.

Nikawaambia kwa Kiarabu changu, kilichonyooka sasa. Niliwaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, chungu na upele na kinyozi. Nikawaambia: damu haikuchanganywa, kama hilo ndilo linalowanyima usingizi. Lakini kuniambia nimekosea, hapana. Unguja watu wangapi walipewa majina ya makabila yetu bila kuulizwa, kwa kuwa walitulimia na kutufulia? Hao hakuna aliyewaonea haya, wala aliyetaka kuwafuta. Huyu mmoja kapewa kwa heshima, ndiye wa kufutwa? Na sisi wenyewe, niliwaambia, sisi mliotujia kwa posa, tumeandikwa vilevile. Mtu asiyetujua alisema ni wetu. Mkimfuta Ba, anzeni na mimi.

Yule shangazi mwenye ulimi akasema, "Lakini yeye mshirikina."

"Naam," nikamwambia. "Na jirani."

Walikunywa kahawa ya mwisho, wakatikisa vikombe kwamba imetosha, wakaaga vizuri. Siku ya tisa likaja neno kwamba nasibu haikuandikwa. Ndivyo wanavyosema wakikataa.

Mjukuu alilia siku mbili. Sikumwomba radhi, maana sikuwa na kosa, lakini nilimpikia mkate wa kumimina anaoupenda nikakaa naye mpaka akala. Siku ya tatu akasema, "Bibi, nyumba inayoogopa mtu aliyekufa, mimi hai ningekaaje?" Nikamwambia akaoge. Babake alikosa kuja Ijumaa mbili. Ya tatu akaja, akaweka dawa zangu mezani, akakaa. Mwisho akauliza, bila kunitazama, "Hivyo kweli Ramadhani alikuwa akila chapati za baridi?" Nikamwambia kweli. Akamimina kahawa.

Hapa ninapoishi nyumba ni kubwa, na kila moja ina ukuta wake mrefu kuliko mtu. Jirani wa kulia simjui hata anakula nini. Harufu haipiti, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya mashine. Akifa nitaambiwa na simu. Kidirisha cha Unguja hakipo, maongezi ya mchele na dengu hayapo, wala watu waliojua kukataa sahani yako bila kukukataa wewe hawapo tena. Wameondoka na adabu zao, na sisi tumebaki na makabila.

Kwenye grupu bado wako wanaosema jina lile lifutwe kule kitabuni. Wana magari, wana pasi, wana ndege kila siku. Mie siendi. Anayetaka kulifuta aende mwenyewe Nasik, ateremke ngazi zile, amwambie maharaji kwamba watu wa Ibra hawana jirani.